Tusimfukuze ‘mimi’ katika insha ya utafiti

JUZI nilikuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mada niliyowapa ilikuwa pana: tatizo la mazingira katika eneo unalolifahamu. Walitakiwa wasome, waulize watu, kisha waandike kurasa sita zenye marejeleo. Nilipofika insha ya ishirini hivi nikaanza kuhisi kana kwamba nasoma insha moja iliyonakiliwa mara ishirini. Karibu zote zilianza kwa “Imebainika kwamba...” zikafuatisha “Inasemekana kwamba...” na zikatamatika kwa “Inapendekezwa kwamba...” Nani aliyebaini? Nani anayesema? Nani anayependekeza? Huyo hakuonekana popote.

Mojawapo ilihusu mafuriko ya mto Nzoia katika eneo la Budalang’i, Kaunti ya Busia. Ilikuwa na sentensi kama hii: “Imebainika kwamba mafuriko huathiri maisha ya wakazi wa maeneo tambarare.” Sarufi ilikuwa sahihi, tahajia safi, marejeleo manne. Sikuona kosa la kulitia kalamu nyekundu, wala sikuona dalili kwamba mwandishi ana haja yoyote na mada yake. Nikampa alama za wastani, nikaendelea na kazi.

Siku chache baadaye mwenye insha akaja ofisini kulalamikia alama hizo. Nikamuuliza kwa nini alichagua Budalang’i.

“Ni kwetu, Prof,” akajibu.

Mwezi wa Mei mwaka 2020 tuta la kuzuia maji ya mto lilipobomoka, msichana huyu alikuwa na umri wa miaka 13. Familia yao ilihama usiku na vitu vichache walivyoweza kubeba kichwani. Akanieleza jinsi maji yalivyomweka nje ya shule karibu mwaka mzima. Kisha akasema jambo lililonifanya niweke kalamu chini.

“Kitu kilitushangaza, hiyo siku kwetu hakukuwa kumenyesha. Kulikuwa na jua. Maji yalikuja tu.”

“Sasa mbona hukuliandika hilo?”

“Prof, hiyo si utafiti. Hiyo ni stori tu ya nyumbani. Na tuliambiwa tusiandike ‘mimi’.”

Tuliambiwa. Sikumuuliza ni nani aliyewaambia, kwa kuwa jibu nililijua. Katika tini ninazowapa wanafunzi wangu, ambazo nimekuwa nikizirekebisha hapa na pale kwa zaidi ya miaka ishirini, kuna mstari unaosema: “Katika uandishi wa kitaaluma epuka nafsi ya kwanza.” Mstari huo niliuandika mimi. Nami niliupokea kutoka kwa mhadhiri aliyenifunza, ambaye aliwahi kukata neno “niliona” katika insha yangu ya kwanza chuoni na kuandika pembeni: “Wewe ni nani?” Lilikuwa swali zuri, ila yeye hakulingoja jibu.

Katika makala hii nataka kuihakiki kanuni hiyo. Maoni yangu ni kwamba tajiriba ya mwanafunzi na utafiti havifai kutenganishwa katika insha za mwaka wa kwanza, kwa sharti moja: tajiriba ije kama swali linalotafutiwa ushahidi, isije kama jibu lisiloweza kuulizwa.

Mtendaji aliyefichwa

Tuanze na lugha yenyewe. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi mwanzoni mwake. Huwezi kusema “-liona” ukanyamaza. Sharti useme niliona, uliona, waliona. Lugha yetu, kwa maumbile yake, hudai kujua aliyeona ni nani. Anayetaka kumficha mtendaji hana budi kutafuta ujanja.

Ujanja wa kwanza ni kauli ya kutendeka. Tazama tofauti iliyopo kati ya “imebainishwa” na “imebainika”. Kauli ya kutendwa humruhusu mtendaji aongezwe: imebainishwa na wataalamu wa hali ya hewa. Kauli ya kutendeka haimpi nafasi. Huwezi kusema “imebainika na wataalamu”. Jambo limejibaini lenyewe, kama embe lililojidondokea. Na kile kiambishi i- cha mwanzo hakirejelei nomino yoyote. Kipo kujaza pengo tu.

Ujanja wa pili ni kujigeuza mtu wa tatu. Fungua tasnifu nyingi zilizoandikwa kwa Kiswahili katika vyuo vyetu, nazo nilizosimamia zimo, utakutana na “mtafiti alisafiri hadi Kilifi” na “mtafiti aliwahoji wazee kumi na wawili”. Msomaji asiye na habari angedhani mwandishi anamsimulia jirani yake. Ujanja wa tatu ni “tu-” ya mtu mmoja: “tumeonyesha”, “tunahitimisha”, ilhali mwandishi alikuwa peke yake na kipatakilishi chake usiku kucha.

Sisemi kwamba miundo hii haina kazi. Anayeeleza kwamba chumvi iliyeyushwa katika maji hana haja ya kututajia mikono iliyokoroga. Yapo mambo ambayo mtendaji wake hana uzito. Lakini mtu anapodai kwamba mafuriko huwaathiri wakazi, tuna haki ya kujua amelijuaje hilo: amelisoma, ameambiwa, au alilala nje kwa sababu yake? “Imebainika” huzifanya njia hizo tatu zionekane kuwa moja. Tunaambiwa kwamba lugha hiyo hulinda ukweli wa kisayansi. Mara nyingi humlinda mwandishi asiulizwe.

‘Mimi’ wa kukopa

Ni rahisi kudhani kwamba wanafunzi wetu hawajazoea kujiandika. La hasha. Wamejiandika sana, ila kwa namna moja. Katika karatasi ya kwanza ya Kiswahili ya mtihani wa KCSE, mtahiniwa huandika insha mbili zisizopungua maneno 400 kila moja. Ya kwanza, ambayo ni ya lazima, huwa ya kiuamilifu: barua, ripoti, kumbukumbu, hotuba na kadhalika. Ya pili huichagua mwenyewe, na hapo ndipo tunapopata methali na visa vya kuanza au kumalizia kwa maneno fulani.

Walimu waliowahi kuzisahihisha insha za visa wanamfahamu vyema “mimi” anayezungumza humo. Huyo hupata ajali mbaya kila mwaka. Hutekwa nyara, huokolewa dakika ya mwisho, na akizidiwa kabisa huamka na kugundua kwamba ilikuwa ndoto. Mapambazuko yake ni yaleyale, jasho lake hutiririka kwa namna ileile, na tamathali zake amezikariri kutoka vitabu vya mwongozo. Simlaumu mtahiniwa. Ameombwa ubunifu naye amebuni kwa kadiri alivyofunzwa. Lakini tuwe wakweli: huyo ni “mimi” wa kukopa.

Kijana huyu akifika chuo kikuu huingizwa katika kozi ya stadi za mawasiliano, ambayo katika vyuo vyetu vingi ni ya lazima kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hufunzwa kuandika tini, kutumia maktaba, kudondoa na kupanga marejeleo. Yote ni mambo ya maana. Katika kozi hiyohiyo huambiwa amwondoe “mimi”. Matokeo yake ni kwamba amepitia shuleni akiwa na “mimi” wa kubuni, akaingia chuoni akawa hana “mimi” wowote, na baina ya ngazi hizo mbili hakuna aliyemfundisha kusema jambo la kweli kumhusu yeye mwenyewe kisha alichunguze. Pengo liko hapo.

Mjadala wa Marekani

Suala hili halikuanzia kwetu. Nchini Marekani, kozi ya uandishi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza ni taasisi kongwe. Chuo Kikuu cha Harvard kiliiweka katika mwaka wa kwanza mnamo 1885. Wamekuwa na muda mrefu wa kubishana kuihusu, na mabishano yao yana faida kwetu tukiyasoma kwa makini badala ya kuyaiga.

Mwaka 1980, Ken Macrorie, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Western Michigan, alichapisha kitabu Searching Writing. Alikuwa amechoshwa na insha za utafiti ambazo mwanafunzi huziandika kwa kunakili vitabu asivyovijali ili kumridhisha mwalimu asiyependa kuzisoma. Akapendekeza kwamba mwanafunzi achague jambo analotaka kulijua kwa dhati, aeleze alilolijua kabla ya kuanza na kwa nini analitafuta, asimulie jinsi alivyolitafuta, kisha aseme alichokipata au alichokikosa. Nafsi ya kwanza haikuwa pambo katika mpango huo. Ndiyo iliyobeba kazi nzima.

Baadaye mjadala ukapamba moto kati ya Peter Elbow na David Bartholomae. Mazungumzo yao, yaliyochapishwa mwaka 1995 katika jarida College Composition and Communication, bado husomwa na walimu wa uandishi. Elbow alimtetea mwanafunzi kama mwandishi mwenye sauti yake, anayestahili kuaminiwa kwamba ana la kusema. Bartholomae naye alishikilia kwamba hakuna sauti isiyotoka mahali: mwanafunzi anayedhani anaandika moyo wake huwa anarudia masimulizi aliyoyakuta katika jamii yake, na kazi ya chuo ni kumfundisha kuyahoji.

Nikiwasoma wawili hawa nikiwa Mkenya, naona kila mmoja ameshika upande mmoja wa jembe. “Mimi” wa insha zetu za KCSE ni ushahidi kwamba Bartholomae hakukosea, maana ndiye huyo anayerudia masimulizi ya wengine akidhani anajisemea. Lakini msichana wa Budalang’i ni ushahidi kwamba Elbow naye hakukosea. Alikuwa na la kusema, nasi tukamfunga mdomo.

Walioonyesha kwa vitendo kwamba pande hizi zaweza kukaa pamoja ni waandishi kama Mike Rose. Katika kitabu chake Lives on the Boundary cha mwaka 1989, anaeleza jinsi matokeo ya mtihani wake yalivyochanganywa na ya mwanafunzi mwingine mwenye jina la Rose, akatupwa katika mkondo wa wanafunzi walioaminiwa kuwa wazito wa kuelewa. Angeweza kuishia kwenye uchungu huo. Badala yake anautumia kuchunguza jinsi shule zinavyowapima, kuwapanga na kuwahukumu watoto wa maskini. Candace Spigelman naye, katika Personally Speaking cha mwaka 2004, anatetea tajiriba kama ushahidi katika maandishi ya kitaaluma. Namuunga mkono, mradi tusisahau kwamba ushahidi wowote huhojiwa.

‘Mimi’ anayefunga mlango

Hilo la kuhojiwa linanirejesha nyumbani, maana historia yetu ya maandishi ina mifano ya pande zote mbili.

Kwanza tukubali kwamba kuchanganya nafsi na uchunguzi si jambo la kigeni katika nathari ya Kiswahili. Katika mkusanyo Safari za Wasuaheli, uliochapishwa mwaka 1901 chini ya uhariri wa Mjerumani Carl Velten, Salim bin Abakari anaieleza safari yake ya Urusi na Siberia kama mtu aliyekwenda, akaona na akastaajabu. Huko ndiko tulikotoka. “Imebainika” alikuja baadaye.

Mwaka 1938 Jomo Kenyatta alichapisha Facing Mount Kenya, kitabu kilichotokana na masomo yake ya anthropolojia katika London School of Economics chini ya Bronislaw Malinowski. Kenyatta aliandika kuhusu jamii ya Agĩkũyũ akiwa mmoja wao, katika enzi ambapo Mwafrika alichukuliwa kuwa kitu cha kutafitiwa tu. Kudai kwamba anajua kwa sababu amelelewa humo kulikuwa tendo la kishujaa, na ndiyo sababu kitabu hicho kingali na heshima yake.

Hata hivyo, humohumo ndimo tunamoiona hatari. Anapotetea tohara ya wanawake, Kenyatta hutegemea sana mamlaka ya mtu wa ndani. Wamishenari waliopinga desturi hiyo walikuwa na kiburi chao, na alikuwa na haki ya kukijibu. Lakini mwanamume aliyelelewa katika jamii hiyo hakuwa msichana aliyekatwa. “Mimi ni wa kwetu, najua” ilijibu swali la mkoloni na wakati huohuo ikafunika swali la msichana. Hapo “mimi” amefunga mlango.

Sasa linganisha na marehemu Ngũgĩ wa Thiong’o katika Decolonising the Mind cha mwaka 1986. Anaeleza jinsi wanafunzi walivyoadhibiwa shuleni walipopatikana wakizungumza Gĩkũyũ. Kisa hicho ni chake, lakini hakituombi tumwonee huruma kisha tunyamaze. Kinaanzisha swali: lugha ya elimu humfanya nini mtoto anapotenganishwa na lugha ya nyumbani? Kisha anakwenda kwenye historia, sera za elimu na fasihi. Unaweza kukataa hitimisho lake, na wengi wamelikataa, kwa sababu amekuachia hoja za kushindana nazo. Hapo “mimi” amefungua mlango.

Basi kigezo changu ni hicho. Tusiulize kama mwanafunzi ametumia nafsi ya kwanza. Tuulize kama nafsi hiyo imetufungulia jambo la kuchunguzwa au imetufungia.

Insha iliyorudi

Nilimrudishia yule msichana karatasi yake, nikamwambia aanze na swali lake mwenyewe: kwa nini maji yalikuja siku ya jua? Nikampa wiki tatu.

Alianza kwa kumpigia mamake simu. Akatafuta ramani ya mto Nzoia akaona kwamba vyanzo vyake viko mbali, katika milima ya Cherang’any na miteremko ya Mlima Elgon, na kwamba Budalang’i iko mwisho, mto unapoingia Ziwa Victoria. Akasoma taarifa za hali ya hewa za msimu ule. Akaelewa kwamba mvua iliyowahamisha ilinyesha juu, kwa watu wasiowajua, ikawafikia wao chini ya anga safi, tena katika msimu ambao ziwa lenyewe lilikuwa limejaa kupita kawaida. Swali hilo halimo katika vitabu vya marejeleo alivyovitumia mara ya kwanza. Lilitoka kwa mtoto aliyetazama juu akaona jua, akatazama chini akaona maji.

Lakini lililonifurahisha zaidi ni mahali alipojipata amekosea. Mamake alimkumbusha kwamba shule zote nchini zilifungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya Korona, kabla tuta halijabomoka. Akaenda kuzitafuta tarehe akazikuta kuwa za kweli. Aliandika, nami nimepata ridhaa yake kuinukuu sentensi hii: “Nyumbani sisi huhesabu kila kitu tangu maji yaje, na kwa miaka yote hii nilikuwa nikiamini kwamba maji ndiyo yaliyonitoa shuleni, kumbe maji yalinikuta tayari niko nyumbani.”

Hakuishia hapo. Akauliza: kama maji hayakumtoa shuleni, yalimfanya nini? Jibu likawa kwamba yalichukua vitabu na redio. Wakati masomo yalipokuwa yakirushwa redioni kwa watoto waliokuwa nyumbani, yeye na ndugu zake walikuwa kwenye hema bila redio. Shule zilipofunguliwa, wenzake wa sehemu nyingine walirudi wakiwa nyuma kidogo. Wao walirudi wakiwa nyuma zaidi. Hii ni hoja iliyo makini kuliko “mafuriko huathiri maisha ya wakazi”. Asingeifikia kwa kumbukumbu peke yake, kwa kuwa kumbukumbu yake ilikosea. Asingeifikia kwa vitabu peke yake, kwa kuwa vitabu havikuwa ndani ya hema lile.

Pingamizi

Wenzangu watakuja na pingamizi, nami nina tatu za kuzijibu.

Ya kwanza ni ya udanganyifu. Watasema kwamba insha ya “mimi” ni rahisi kubuni. Ni kweli, na sisi Wakenya tunalijua hilo kuliko wengi. Mwaka 2019 gazeti la The New York Times liliangazia vijana wa humu nchini wanaolipwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani insha zao. Filamu ya hali halisi The Shadow Scholars ya mwaka 2024, iliyoongozwa na Eloïse King na kumshirikisha Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, inawahusu vijana haohao. Mwanafunzi wangu wa zamani aliwahi kuniambia kwamba aliandika insha ya kijana wa Ohio anayeomboleza kifo cha nyanya yake, akapewa sifa kwa ukweli wa hisia zake. Nyanya yake mwenyewe alikuwa hai huko Kisii. Nilicheka, kisha nikaona haya kwamba kijana mwenye kipawa hicho hatukuwahi kumwomba aandike kuhusu nyanya wa Kisii.

Siku hizi tena kuna akili unde, ambayo huandika “mimi” pasipo kuwa na nyanya wala nyumbani. Hivyo sidai kwamba nafsi ya kwanza ni dawa ya wizi wa maandishi. Ninachodai ni kwamba “imebainika” ndiyo rahisi zaidi kuinunua au kuiagiza kwa mashine, kwa sababu tangu hapo haina mwenyewe. Insha inayoeleza swali lilitoka wapi, nani aliulizwa, na mwandishi alikosea wapi, huacha nyayo. Ukimwita mwandishi ofisini ukamwambia, “Hebu nieleze mamako alisemaje,” utajua upesi kama nyayo ni zake.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya majeraha. Tukiwaomba wanafunzi tajiriba, tutafungua soko la machozi: atakayelia zaidi ndiye atakayepata alama. Wapo miongoni mwao waliofurushwa makwao wakiwa wachanga baada ya uchaguzi wa 2007, na wengine wana mambo mazito yasiyosemeka. Mwalimu hana haki ya kuyadai. Nakubaliana na pingamizi hii kikamilifu, na ndiyo sababu sipendekezi insha ya kuungama. Tajiriba si lazima iwe msiba. Aliyeuza mboga sokoni na mamake ana swali kuhusu bei. Aliyepanda matatu kila siku kwenda shule ana swali kuhusu nauli inayopanda mvua ikinyesha. Aliyezungumza lugha tatu kabla ya kufika darasa la kwanza ana swali ambalo wanaisimu wengi wangelionea wivu. Mwanafunzi achague mwenyewe umbali wa kusimama, na alama zitolewe kwa jinsi alivyolichunguza swali, si kwa uzito wa machungu yake.

Ya tatu ni ya idadi. Darasa la stadi za mawasiliano laweza kuwa na wanafunzi mia tatu na mhadhiri mmoja. Nani atasoma rasimu mbilimbili? Hapa sina jibu la kupendeza. Kanuni ya “epuka nafsi ya kwanza” imedumu kwa sababu, pamoja na mengine, ni nafuu kusahihisha: unatia mstari mwekundu unaendelea. Lakini ukurasa mmoja unaojibu maswali manne, yaani nilijua nini, nataka kujua nini, nilimuuliza nani au nilisoma nini, na nimebadilisha wazo gani, hausomwi kwa muda mrefu kuliko kurasa sita za “imebainika”. Nimeanza na ukurasa huo muhula huu. Nazisoma insha chache kwa jumla ya kurasa, na nimeacha kusinzia mezani.

Ule mstari katika tini zangu nimeufuta. Mahali pake nimeandika: “Mahali ambapo ni wewe uliyeona, sema niliona, kisha utuonyeshe umejuaje kwamba ulichokiona ndicho.” Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja aliinua mkono akaniuliza, “Prof, na kama nikitafuta nipate kwamba niliona vibaya?” Nikamwambia aandike hilo pia, na aliandike kwa urefu.